Mshipa Umepanda

Kazi yangu haisemeki mbele ya watu wazima wa kwetu bila ya mtu kucheka. Nshajaribu. Siku ya harusi ya binamu yangu kule Uroa, shangazi yangu, dada yake baba, alinishika mkono akanipitisha baina ya wageni, na kila penye kikundi cha watu akasimama akatangaza: "Huyu mtoto wetu huyu, anatibu mishipa kwa kompyuta." Wanawake wakasema mashaallah. Wanaume waliokaa mkekani wakatazamana. Mmoja wao, mzee mzima na ndevu zake nyeupe, akanyanyuka taratibu, akanifata mpaka nyuma ya jiko, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kompyuta hiyo inatibu ya ukubwa wowote au ile midogo midogo tu.

Kwetu mshipa una maana zake. Ni njia ya damu, ni neva, ni ule uzi wa shingoni unaomtoka mtu akikasirika. Lakini mwanamme akisema "nna mshipa" hasemi habari ya damu. Anasema habari ya ngiri, au ya kile kinachovimba chini mpaka mtu akashindwa kuvaa suruali. Na mshipa huo una tabia zake: hulala, huamka, hupanda mpaka kifuani, hushuka. Ukipanda, mtu hukaa kitako akangoja ushuke. Nlimwambia yule mzee aende hospitali akapasuliwe. Akanitazama kwa masikitiko, akaona nimemnyima dawa kwa roho mbaya.

Baba aliposimuliwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. "Mwanangu, wewe sema unafanya kazi ya kompyuta, basi," akanambia. "Mambo ya mshipa waachie wenye nayo." Nnaikumbuka siku ile kwa uchungu sasa, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye nayo, au ndivyo alivyokuwa akituambia.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akipigwa picha ya kifua kwa mashine ya CT, mashine humkata kwa picha vipande vyembamba, mamia, kama mkate. Wenzangu walioko ng'ambo huniletea vipande vile kwa mtandao, bila ya jina la mgonjwa. Mie huvipanga, nkachora ukingo wa ile mishipa miembamba inayoulisha moyo wenyewe damu, kipande baada ya kipande. Kompyuta inajua kuchora, lakini penye chokaa hukosea. Ndiyo, chokaa. Ndani ya mishipa ya watu wazima hukaa chokaa, na kwenye picha hung'ara nyeupe, ikajifanya kubwa kuliko ilivyo, ukadhani njia imeziba. Hapo lazima mkono wa mtu usahihishe. Nkimaliza, kompyuta hupitisha damu ya hesabu ndani ya mshipa wa hesabu, ikanipa jibu: presha iliyoingia, imefika kiasi gani upande wa pili wa pale palipobana. Kuna mpaka. Jibu likiwa juu ya mpaka, mgonjwa hupewa dawa akaangaliwa. Likiwa chini, huenda akapanuliwa mshipa. Mtu mwenyewe simjui, naye hanijui, na nlikuwa nkipenda hivyo.

Baba yangu ni mwashi. Si mwashi wa saruji, usije ukamwambia hivyo akasikia. Ni mwashi wa chokaa, ya kuchoma na kulowesha na kungojea. Kwa maneno yake mwenyewe, nusu ya kuta za Mji Mkongwe zimepita mkononi mwake. Ukiitoa chumvi, labda robo. Nyumba nliyopanga Kiponda, vyumba viwili ghorofa ya juu, ukuta wa ngazini aliupiga lipu yeye kabla sijazaliwa. Nlipotoka kwa mume wangu nkasema nnataka kukaa peke yangu, mama alilia, shangazi akasema mshipa wa haya umenikatika, lakini baba aliuliza nyumba ipi. Nlipomtajia akasema, "Ah, pale sawa. Ukuta wangu utakuangalia."

Mwashi wa chokaa hapeleki mwiko wake ukutani kabla ya kugonga. Hukunja kidole, akagonga kwa kifundo, akatega sikio, akasogea, akagonga tena. Lipu iliyoshika hujibu kwa sauti nzito. Iliyoachana na jiwe hujibu tupu, hata kama juu yake ni nyeupe na nzuri. Watu wakimletea ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, baba hununa. "Na ukiziba ufa hujagonga," husema, "umezika uoza."

Kila Alhamisi baada ya alasiri alikuwa akija kwangu kutoka Chukwani, nyumbani kwetu, na bakuli la mama limefungwa kitambaa. Ngazi zangu ni thelathini na tatu, na zimesimama wima, walizijenga watu waliokuwa hawana huruma na magoti. Nlikuwa nkisikia makubadhi yake chini mlangoni, kisha kidato kwa kidato mpaka pale katikati ngazi zinapopinda. Hapo kimya. Kisha ko, ko, ko. Alikuwa akigonga ukuta wake.

"Chokaa yangu ipo!" alikuwa akinipigia kelele.

"Ipo, baba!"

Baada ya muda ndipo akimalizia. Akifika juu, jasho linamtoka, hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, ngumi ameiweka katikati, hapa kwenye chembe cha moyo. "Mshipa umepanda," husema. "Ngoja ushuke." Mie huenda kuchemsha tangawizi. Nlikuwa nkimtania, Mungu anisamehe. "Mshipa gani huo, baba, unaopenda ngazi zangu tu?" Naye hujibu, "Una wivu. Hautaki nije kwako." Chai ikiwa tayari, rangi imemrudi, anakula, anasimulia. Mambo yalikwenda hivyo toka Mfunguo Mosi mpaka Maulidi yakapita.

Siku moja ya Jumatatu nliletewa kazi mpya. Pamoja na picha huja mistari michache ya daktari, kwa Kiingereza. Nna tabia ya kujitafsiria kwa sauti, peke yangu chumbani, ili nisisinzie. Nkaanza: mwanamme, miaka sitini na saba. Hubanwa katikati ya kifua akipanda ngazi. Huondoka akipumzika dakika chache. Mara nyengine huteremkia mkono wa kushoto.

Nkaisikia sauti yangu ikisema "akipanda ngazi", nkanyamaza.

Ningeyasoma maneno yale juu ya mtu yeyote duniani, ningejua ni moyo. Nimeyasoma mara mia. Baba yangu aliniambia yaleyale kila Alhamisi kwa miezi sita, uso kwa uso, nami nkamchemshia tangawizi, kwa sababu alitumia neno jengine. Na neno lenyewe ni neno langu! Ni neno linalonipa mkate wangu kutwa. Yeye akisema mshipa, nami nkasikia mshipa, na tulikuwa tunasema vitu viwili. Nliona haya peke yangu, mle chumbani, mpaka masikio yakawa moto.

Nlikwenda Chukwani saa ileile. Nlimkuta uani anachekecha mchanga wa jirani, amekunja mikono ya shati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo Jumatatu, kuna nini?"

"Weka chekecheo chini, baba. Huo wako si mshipa. Ni moyo."

"Kakwambia nani?"

"Ngazi."

Akacheka, lakini mie sikucheka, akaacha. "Mie mshipa nnao tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Babu yako alikuwa nao. Tumerithishana kama shamba."

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema.

"Nani kaficha?" Baba akapandisha sauti. "Si nnasema kila siku? Mshipa! Mshipa! Nisemeje tena?"

Lakini kesho yake alivaa kanzu safi akanifata hospitali, na huko ndiko nlikotaka ardhi ipasuke. Daktari alikuwa kijana mpole, amekaa na karatasi zake. "Mzee, unasumbuliwa na nini?" Na baba, mbele yangu, baada ya maneno yote yale, akajibu, "Mshipa, mwanangu. Unapanda."

Daktari akavuta pazia. Akamwambia alale kitandani afungue nguo. Mie ni mtoto wa kike, sina njia ya kuvuka pazia lile baba yangu akiwa hana nguo. Nkabaki nje, pua yangu imegusa kitambaa. Nkasikia, "Kohoa, mzee." Baba akakohoa. "Kohoa tena."

"Daktari!" nkaliambia pazia. "Muulize ngazi!"

"Dada, tulia," muuguzi akasema nyuma yangu.

"Situlii! Muulize akipanda ngazi huwaje!"

Daktari akatoka anavua glavu. "Ngiri ipo kweli," akasema. "Ndogo." Na nyuma ya pazia nkamsikia baba: "Umesikia?" Kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi! Hapo nliisema ile mistari yote, hubanwa, akipanda ngazi, huondoka akipumzika, mkono wa kushoto, kwa pumzi moja, na uso wa yule kijana ukabadilika. Akampeleka kupimwa umeme wa moyo palepale. Kipimo kikatoka kizuri, kwa kuwa baba alikuwa amelala, na moyo wake ukilala haukuwa na la kusema. Lakini alituandikia barua ya kwenda bara kupigwa picha.

Tulikwenda na boti ya asubuhi, mie, baba na mama. Baada ya picha, daktari wa moyo wa kule alitukalisha akatuonesha kwenye kioo mshipa unaoteremka mbele ya moyo, na pahala pamoja palipobana, pamezungukwa na weupe.

"Hii nyeupe ni chokaa, mzee," daktari akasema.

"Chokaa?" Baba akajisogeza mbele kwa mara ya kwanza siku ile. "Chokaa haina ubaya ikikaa pake."

"Hii haikukaa pake."

Akatueleza kwamba kwa macho tu haamui. Pamebana, lakini ni kati kwa kati. Kuna njia mbili. Ama wapitishe waya mwembamba kwenye mkono mpaka moyoni, wapime presha kwa waya wenyewe, na ikiwa mbaya wapanue hapohapo. Ama aanze dawa, wamwangalie kwa miezi. Tukashauriane. Baba aliposikia waya unaingia moyoni akasema hasha, akatazama ukuta mpaka tulipotoka. Tulipewa dawa, vidonge vya kuweka chini ya ulimi pindi akibanwa, na picha zake kwenye diski. Ndani ya boti tukirudi, mama akanishika goti. "Si ndiyo kazi yako hii?" akasema. "Wewe utazame, utwambie. Wewe tutakuamini." Baba alikuwa anasikiliza.

Kazini kwetu kuna sharti: picha ya mtu wako huigusi. Nlilijua, na nliona ni sharti la watu wenye bahati, wenye daktari kila pembe ya mtaa. Nkaigusa.

Kumchora baba kulinichukua michana mitatu. Sijui nikuelezeje. Nimechora mishipa ya watu chungu nzima, haikunitetemesha. Huu ulinipa tabu ya kuutazama, ulikuwa na kona moja ya ghafla, nkawa nnajiuliza kama na mimi nnayo ile kona. Nliiwacha kompyuta ichore kwanza yenyewe. Jibu likatoka chini ya mpaka. Si chini sana, lakini chini.

Nkafanya nnayoyafanya kila siku. Nlikwenda pale penye chokaa nkasogeza mstari nje, njia ipanuke, kwenye vipande vitatu, kama unywele, kwa kuwa chokaa hujifanya kubwa. Hiyo si hila, ndiyo kazi. Nkapitisha damu mara ya pili. Jibu likatoka juu ya mpaka. Si juu sana, lakini juu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye dhambi yangu. Mgonjwa angekuwa mtu baki, ningeandika yote mawili. Ningemwandikia daktari: hapa chokaa ni nyingi, sina yakini, pimeni kwa waya. Nimeshaandika hivyo kwa watu wengine, tena bila ya kufikiri mara mbili. Lakini nlimwona baba akitazama ukuta. Na mimi pia nlikuwa nnaogopa waya ule, nliogopa baba kuingizwa chumba ambamo huenda asitoke. Nlisogeza mstari kwa mkono wa mtoto anayetaka babake asiguswe, na nkajiambia ni mkono wa fundi.

Nkapiga simu Chukwani. "Dawa zinatosha," nkasema.

"Alhamdulillahi," baba akasema, akarudia mara tatu. Ijumaa mama akapika pilau, shangazi akaja kutoka Uroa na kuku wawili. Wakala kwa raha, wakanisifu. Mie nliuchezea wali kwa vidole. Shangazi akanambia nimekonda, nipunguze kompyuta.

Lile jibu la kwanza sikulifuta. Lilikuwa mle ndani, na kila nkifungua kompyuta kazi ya mtu mwengine, nlijua lipo. Kila alfajiri nliamka na neno moja mdomoni: mwambie. Kila alfajiri nliahirisha. Nliwajibu watu vibaya, nligombana na muuza maziwa bure bilashi. Na kila Alhamisi baba aliendelea kupanda ngazi zangu, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye nliyesema dawa zinatosha. Woga ulikuwa umeshanigeuka: mwanzo nliogopa waya, sasa nnaogopa simu ya mama.

Alhamisi ya tano baada ya pilau, nkasikia makubadhi chini. Kidato kwa kidato, mpaka katikati. Kimya. Ko, ko, ko. Nkangoja anipigie kelele chokaa yake ipo. Hakupiga. Ko, ko, ko. Kisha tena, ko, ko, ko.

Nlitoka na kanga yangu, nkainamia ngazi. Kuna kidirisha pale katikati, kinaingiza mwanga. Bakuli la mama lilikuwa limewekwa kwenye kidato. Baba alikuwa ameegemeza kipaji cha uso ukutani, macho ameyafumba. Ngumi ya mkono wa kushoto ameikandamiza kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa ukigonga, unagonga pahala palepale pamoja. Sikio hakulitega. Mwashi anayesikiliza husogeza mkono. Nlimtazama mpaka nkaelewa kwamba baba yangu hagongi ukuta, na kwamba hakuugonga hata siku moja katika miezi yote ile.

Nliteremka mbio na vidonge vyake nlivyoviweka akiba kwangu, nkamtilia kimoja chini ya ulimi, nkamkalisha kwenye kidato, nkakaa pembeni yake. Dakika zile sitazieleza. Rangi ikarudi kidogo kidogo.

"Ukuta una nini, baba?" nkamuuliza.

"Mzima."

"Toka lini?"

"Toka siku nliyoupiga lipu."

"Basi unagonga nini?"

Akachezea fundo la kitambaa cha bakuli. "Nnagonga usikie nnagonga," akasema. "Nkinyamaza ungetoka kutazama."

"Na mshipa?"

"Mshipa haupandi mpaka mkononi, mwanangu. Mie si mjinga. Lakini ningekwambia kifua, ungenikataza ngazi. Na wewe kuja Chukwani huji, kutwa una kompyuta yako. Ningekuona wapi?"

Neno lake lilikuwa kweli, na lilinichoma. Nkaona kama nisipolitoa langu sasa hivi, pale pale kwenye kidato, sitalitoa tena.

"Baba, jibu lako halikuwa moja. Yalikuwa mawili."

"Mawili vipi?"

"Moja linasema dawa zinatosha. Moja linasema hazitoshi."

"Lipi lililokuja mwanzo?"

"Baya."

"Na hili zuri ulilitoa wapi?"

"Nlisogeza mstari."

"Kiasi gani?"

"Kama unywele."

"Kwa nini?"

"Nliogopa, baba." Nkamshika mkono. "Nliona unaogopa, na mie nkaogopa."

Chini barabarani muuza kahawa alipita anagongesha vikombe vyake. "Umeziba ufa hujagonga," baba akasema. Hakukasirika. Ningependelea akasirike, anipige kibao, kuliko kunambia maneno yale kwa upole ule. Kisha akauliza, "Ule waya wao ndiyo kugonga kwenyewe?"

"Ndiyo, baba. Ule hauchori. Unaingia ukapima."

"Basi twende wakagonge."

Tulikwenda wiki ileile. Nlimpa daktari majibu yangu yote mawili kwenye karatasi moja, na nkamwambia nani aliyeyafanya, na kwamba nliwaficha wazee wangu moja lao. Akasoma, akanitazama juu ya miwani. "Ningekuwa mimi na baba yangu, sijui," akasema, basi. Muuguzi akaja na fomu, akamuuliza baba anaumwa na nini. Baba akanitazama. "Kifua," akasema. "Nkipanda ngazi." Alilisema kwa tabu, kama mtu anayekiri wizi.

Mama na mie tulikaa kwenye benchi, tasbihi yake inazunguka. Nlisoma kila dua nliyofundishwa chuoni utotoni, na nyengine nlizitunga mwenyewe. Waya ulipopita, ulisema lilelile la jibu la kwanza, tena kwa ukali zaidi. Wakapanua pale palipobana, wakaweka kibomba cha waya kushikilia njia. Daktari akatoka akasema tumewahi. Mama akamshukuru Mungu. Mie nkahesabu wiki tano nlizomfanya atembee na ngazi zangu, na mpaka leo nkiwa peke yangu huzihesabu.

Baada ya hapo nlibadilisha mambo. Jumapili na Jumatano nnakwenda Chukwani, nnakaa kutwa, kompyuta nnaiwacha. Nkamwambia baba Alhamisi asije, au akija aniite nishuke. Alisubiri miezi miwili, akameza vidonge vyake kwa utiifu nisiouzoea, na Alhamisi moja nkasikia makubadhi mlangoni.

Nkasimama juu ya ngazi, mkono kwenye ukingo. Sikumwita. Kidato kwa kidato, bila ya haraka. Alipofika katikati, akasimama.

Ko, ko.

Ko, ko.

"Baba!"

"Naam."

"Umesimama nini?"

"Nnagonga."

"Muongo!" nkapiga ukelele. Sijapata kumwita baba yangu muongo maisha yangu yote, na nyumba nzima ilisikia, mpaka jirani wa chini akafungua mlango. Nliteremka miguu mitupu, kidonge nshakishika kiganjani.

Baba alikuwa amesimama wima pale penye kidirisha. Sikio lake lilikuwa ukutani. Hakunijibu lile tusi langu, aliushika mkono wangu, akakikunja kidole changu, akakigonga ukutani. Sauti ikatoka nzito. Akanisogeza dhiraa moja kushoto, karibu na kona mvua inapoingilia, akagonga tena kwa kidole changu.

Tupu.

"Tena," nkasema.

Akagonga tena. Tupu. Nlimtazama usoni, jasho hana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika bakuli la mama.

"Kimeoza kipande chote hiki," akasema kwa hasira. "Ukuta wangu mimi! Ntakuja kuubomoa Jumamosi."

Nkakaa kwenye kidato, nkalia kwa sauti.

"Ala! Unalia nini, mama?" baba akasema. "Si lipu tu hii?"